Barua ya wazi kwa wanunuzi wa shayiri yetu: pimeni mbele yetu

KWA: Ndugu Wakurugenzi wa kampuni inayonunua shayiri yetu kwa mkataba
NAKALA: Waheshimiwa wenye dhamana ya kilimo, kuanzia wilaya mpaka wizarani

YAH: VIPIMO VYA SHAYIRI NA MZIGO UNAOKATALIWA GETINI

Ndugu Wakurugenzi, salaam.

Mimi ni mkulima wa shayiri upande wa Karatu, naandika kwa niaba yangu na ya wenzangu ambao tumekaa tukaongea na kukubaliana na kila kilichomo humu. Hatukuanzia mtandaoni. Tulianza kwa bwana shamba wenu akatuambia yeye anashughulika na shamba tu, mambo ya maabara hayajui, tukaenda kwa afisa ununuzi akachukua majina na namba za simu, tukaandika barua ikagongwa muhuri wa kupokelewa na nakala tunayo, mpaka leo haijajibiwa. Kwenye kikao cha kabla ya msimu tukauliza tena mbele ya watu wote, tukaambiwa limechukuliwa linafanyiwa kazi. Msimu umeisha, mzigo umekataliwa vilevile, na sasa mmeanza kupitisha fomu za kuandikisha heka za msimu ujao, ndio maana tumeamua kuongea hadharani.

Naomba kwanza mjue hili zao tunalipenda. Shayiri inakomaa kwa miezi minne hivi kutegemea na mbegu na baridi ya eneo, inavumilia uhaba wa mvua kuliko ngano, na kule juu ambako mahindi yanakaa shambani mpaka mtu unachoka kusubiri yenyewe inakubali vizuri. Na ilikuja na kitu ambacho mbaazi haikuwa nacho, mnunuzi anayejulikana kabla hujatia mbegu ardhini. Wengi wetu tulikuwa kwenye mbaazi, 2017 India ikaweka ukomo wa mbaazi zinazoingia kwao na huku bei ikaporomoka vibaya, kuna watu waliacha mzigo shambani kwa sababu kuvuna kulikuwa kunakula kuliko kuuza. Kwahiyo mlipokuja na mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo na bei iliyoandikwa kwenye karatasi tuliwapokea kwa mikono miwili na tukawapa mashamba yetu mazuri.

Na tumejifunza. Msidhani mnaongea na watu wasiojua wanalima nini. Shayiri ni nafaka ya nne kwa wingi duniani baada ya mahindi, ngano na mpunga, dunia inavuna kama tani milioni 150 kwa mwaka na sehemu kubwa inaliwa na mifugo, inayokwenda kwenye kimea, yani punje iliyochipushwa na kukaushwa ya kutengenezea bia, ni ndogo kwasababu kimea kina masharti. Waethiopia wanaila nyumbani na kutengenezea pombe yao ya kienyeji, Tibet ndio unga wao wa kila siku, Wajapani wanakaanga punje wanachemsha wanakunywa kama chai, ndugu zetu Waislamu wa Pwani na Zanzibar wanajua uji wake na talbina. Masharti ya kimea tunayajua pia. Punje lazima iwe hai, mnailoweka kama siku mbili mpaka ifike unyevu wa asilimia 42 hadi 46, mnaiacha ichipue siku nne au tano ili itoe vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari, alafu mnaikausha kwa joto kabla mche haujaumaliza wanga. Punje iliyokufa haichipui na haina kazi kwenu. Hilo tunalikubali na hatuombi mpokee shayiri mbovu hata gunia moja.

Tunachokilalamikia ni hiki hapa.

1. Kipimo kinafanyika tusikoona.

Mkurugenzi unaweza kuwa hujawahi kusimama pale getini wiki ya mavuno kwahiyo niseme kinavyokwenda. Fuso inafika usiku au alfajiri, mlinzi anachukua karatasi, mnasubiri. Anakuja kijana na bambo, kile chuma cha kutolea punje kwenye gunia, turubai linafunuliwa upande wa nyuma tu, anachoma magunia machache yale yaliyo karibu na mkono wake, punje zinamwagika kwenye mfuko mdogo wa nailoni, anaandika namba kwa makapeni na kuingia nao ndani. Sisi tunabaki nje chini ya gari. Inaweza kupita nusu siku, inaweza kupita mpaka kesho yake, na gari kila siku inayolala ina pesa yake na hiyo pesa ni yetu. Alafu anatoka na karatasi imeandikwa neno moja, imekataliwa. Ukimuuliza kwa nini anasema protini. Protini ngapi? Hajui, ipo kwenye kompyuta. Ukiomba ipimwe tena anasema hairuhusiwi, na ukiomba ile sampuli iliyobaki ujipimie mwenyewe anasema imeshamwagwa.

Huyo kijana simlaumu, katumwa na yeye. Lakini angalieni hapo kuna nini, magunia zaidi ya mia yanahukumiwa kwa yale matano ya nyuma, mwenye mzigo hakuona mashine, hakuona namba, hana karatasi ya kwenda nayo kokote, na mzigo wenyewe ndio ada ya watoto na ndio deni la mbolea yenu. Gari moja mara nyingi inabeba mzigo wa watu wanne au watano, kila mmoja kavuna siku yake na kukaushia kwake, ukichoma bambo kwenye gunia la mmoja umewakataa wote.

Nchi zinazolima shayiri kwa wingi hawafanyi hivi. Australia mkulima anafika kituoni na lori, sampuli inachukuliwa sehemu mbalimbali za mzigo, inapita kwenye mashine ya mwanga inayosoma protini na unyevu kwa dakika chache, wanapima na punje nyembamba kwenye chekeche, anapewa risiti yenye namba zote. Akipita daraja la kimea sawa, asipopita anajua ameangukia daraja gani na bei yake ipo. Uingereza hivyohivyo, mzigo unapimwa dereva akiwa pale. Hii sio teknolojia ya ajabu, mashine hizohizo mnazo ndani ya geti. Tunachoomba ni dirisha.

2. Shayiri inayopimwa kuota siku chache baada ya kuvunwa inaonekana imekufa wakati imelala.

Hili ndilo limetuumiza kuliko yote na ndilo lililonifanya niandike. Kila mtu wa kimea duniani anajua kwamba shayiri ikitoka shambani inaweza kulala kwa wiki kadhaa, yani punje ni nzima kabisa ila haikubali kuota mpaka muda wake upite, na inalala zaidi kama punje ilijaa wakati wa baridi. Sasa huku kwetu juu Juni na Julai ni baridi tupu na ukungu, mnajua wenyewe, na Agosti tunaleta mzigo. Mnaiweka kwenye karatasi yenye maji, mnasubiri siku tatu, mnahesabu, haifiki asilimia 95, mnakataa.

Tumejaribu wenyewe bila maabara. Punje mia kwenye sahani, kitambaa kibichi, funika, weka ndani pasipo na upepo, hesabu zilizotoa mzizi ule mweupe mdogo chini ya punje. Wiki ya mavuno ziliota chini ya 70. Shayiri ileile kutoka gunia lilelile, tukairudia baada ya mwezi na kidogo, ziliota 96. Hakuna kilichobadilika zaidi ya muda. Na kuna mama jirani yetu mzigo wake ulikataliwa mwanzoni mwa Agosti kwamba hauoti, akaurudisha nyumbani kwa gharama yake, akaupanga kwenye mbao sebuleni maana stoo hana, mwisho wa Septemba ukapelekwa tena kwenu na ukapokelewa. Mzigo uleule! Hakulipwa hata nusu ya ile nauli ya kurudi na kwenda, na wenzake ambao hawakuwa na sebule ya kuweka magunia wakauza getini kwa bei ya chakula cha ng'ombe.

Kipimo cha kutofautisha punje iliyokufa na iliyolala kipo na ni cha siku nyingi. Mnapasua punje katikati, mnaiweka kwenye dawa inaitwa tetrazoliamu, kiini kilicho hai kinageuka chekundu na kilichokufa kinabaki kama kilivyo, majibu ni saa chache tu. Kwa nini hakitumiki kwa mzigo wetu? Na kama kinatumika, kwa nini jibu lake halikuandikwa kwenye karatasi hata moja tuliyopewa?

3. Protini mnayotukatia inapandishwa na mbolea yenu inayochelewa.

Mnataka protini iwe kati ya asilimia 9 na 12, sawa, ikizidi bia inakuwa na ukungu na wanga unakuwa mdogo. Lakini protini haipandi yenyewe. Naitrojeni ikiingia mapema, mmea ukiwa bado unachipuza matawi, inaongeza mavuno, ikiingia kwa kuchelewa mmea umeshaanza kutoa masuke inakwenda moja kwa moja kwenye punje kama protini. Bwana shamba wenu ndiye aliyetufundisha hivyo na alifundisha vizuri. Sasa msimu uliopita mbolea ya kukuzia mliyotukopesha ilifika shayiri imeshafunga matumba, tukawauliza vipi tuiweke au tuiache, tukaambiwa tuiweke maana imeshaandikwa kwenye deni. Tukaweka. Mzigo ukakataliwa kwa protini, na deni la mbolea hiyohiyo likabaki palepale na riba yake.

Jua nalo likiwa kali wakati punje inajaa wanga unakuwa kidogo na protini inaonekana kubwa, hilo ni la Mungu na hatuwadai. Ila la mbolea kuchelewa ni la kwenu, lazima likubaliwe hivyo.

4. Unyevu unakatwa mara mbili.

Mzigo ukisoma unyevu wa juu ya kiwango mnapunguza kilo, hapo sina neno, maji sio shayiri. Lakini kilo zikishapunguzwa mnashusha na bei ya kilo zilizobaki. Hapo mtu amekatwa mara mbili kwa kosa moja. Na mizani, jamani, mzigo tuliopima kwenye ghala la ushirika kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo unapungua ukifika kwenu na hakuna anayetuambia umepungulia wapi.

5. Mkataba ni wa Kiingereza na deni halikataliwi.

Kurasa nyingi za Kiingereza, tunasaini ukurasa wa mwisho kwenye boneti ya gari kwasababu foleni ya mbegu ni ndefu na mvua haingoji. Kijana wetu mmoja anayesoma chuo ndiye aliyekaa akatusomea, tukakuta kifungu kinachosema uamuzi wa maabara ya mnunuzi ni wa mwisho, na kingine kwamba mkopo wa pembejeo utalipwa hata kama mzigo haukupokelewa. Yani mbegu ni yenu, mbolea ni yenu, ushauri ni wenu, kipimo ni chenu, lakini hasara peke yake ndio ya mkulima. Sidhani kama aliyeandika mkataba huu aliwahi kuusoma kwa sauti mbele ya mtu anayelima.

6. Mzigo uliokataliwa unakwenda wapi?

Nje ya geti kuna watu wanasubiri na pesa mkononi. Wananunua shayiri iliyokataliwa kwa bei ya kutupa na mkulima aliyelala kwenye gari usiku mzima, nauli ya kurudi hana, anauza. Sisemi hao watu wana uhusiano na kampuni, ushahidi huo sina na siwezi kumsingizia mtu. Nachosema ni kwamba bila rekodi ya wazi hakuna anayeweza kujua hizo gunia zinaishia kwa wafugaji au zinazunguka na kuingia kwa jina lingine, na nyinyi wenyewe mnapaswa kutaka kulijua hilo kuliko sisi.

Hayo ndiyo makubwa. Najua majibu yatakayokuja kwasababu tumeshayasikia kwa maafisa wenu, basi niyaongelee hapahapa.

Mtasema soko la dunia, kwamba kimea cha kutoka nje ni bei rahisi na mnatununulia kwa kutusaidia. Soko la dunia na sisi tunalifuatilia, simu tunazo. Mei 2020 China iliweka ushuru wa asilimia 80.5 kwa shayiri ya Australia, mzigo wa Australia ukalazimika kutafuta wanunuzi wengine kwa bei ya chini, na ushuru ule ukaja kuondolewa Agosti 2023. Kipindi kile mlitukumbusha kila kikao kwamba nje kuna shayiri ya bei chee. Alafu 2022 vita ikaanza Ukraine, na Urusi na Ukraine zote mbili ni kati ya wauzaji wakubwa kabisa wa shayiri duniani, bandari za Ukraine za Bahari Nyeusi zikafungwa na bei ikaruka. Mwaka ule hakuna aliyekuja kutuambia soko la dunia limepanda, tuliambiwa mkataba ni mkataba. Sisi tulileta mzigo wetu kwa bei ileile iliyoandikwa. Kama mkataba ni mkataba basi uwe hivyo miaka yote, na kama ni soko la dunia basi lishuke na kupanda kwa wote wawili. Na shayiri iliyolimwa Karatu, Monduli au Siha haipandi meli, haikai bandarini na hainunuliwi kwa dola, hiyo faida mnaipata nyinyi na ni halali yenu, ila msiifiche mnapopiga hesabu.

Mtasema wakulima nao wanauza pembeni. Kweli wapo, hatufichi. Mtu kachukua mbegu na mbolea yenu alafu usiku anapakia kwa mnunuzi mwingine, hiyo ni wizi na kwenye vikao vyetu tunalisema hivyo. Lakini angalieni wameanza lini. Walianza baada ya kurudi na magari yaliyokataliwa. Mtu anayejua kwamba mzigo wake utapimwa kwa haki na namba ataiona kwa macho yake hana sababu ya kuhangaika usiku na madalali.

Mtasema ni gharama, mashine, karatasi, mtu wa kusimama dirishani. Tupige hesabu pamoja. Bia ya kimea kitupu lita 100 zinatumia kimea kama kilo 17 hivi, na kilo moja ya shayiri ikishatengenezwa inabaki kama gramu 800 za kimea, kwahiyo kilo moja ya shayiri yetu inatoa chupa tisa hivi za nusu lita, na mkichanganya na mahindi au nafaka nyingine zinakuwa nyingi zaidi. Tunacholipwa kwa hiyo kilo hakifiki bei ya chupa moja baa. Hata machicha yanayobaki mnayauza kwa wafugaji. Na serikali imeshaweka unafuu wa ushuru kwa bia inayotokana na nafaka za hapa nchini, unafuu ule uliombwa kwa jina la mkulima. Katika hesabu yote hiyo haiwezekani ikakosekana pesa ya karatasi yenye namba za vipimo.

Mtasema ubora wa kimataifa. Ndio, na huo ubora wa kimataifa unaanzia kwenye kumpa mkulima majibu yake. Majirani zetu Ethiopia, kule Arsi na Bale, ndio wakulima wakubwa wa shayiri ukanda huu wote, na mbegu zao za asili ndizo zilizowapa wazungu ukinzani wa magonjwa, ule wa virusi vya kudumaza na wa ukungu mweupe, umetoka kwa wakulima wadogo kama sisi waliochagua mbegu mwaka hadi mwaka. Mkulima mdogo sio adui wa ubora. Mkimwambia protini yake ilikuwa 12.8 mwakani atajua apunguze nini na aweke lini, mkimwambia imekataliwa tu atabahatisha, na mwakani mtakataa tena mkapoteza nyinyi na yeye.

Kwa hiyo tunaomba mambo haya, na tunaomba yajibiwe moja moja:

1. Sampuli ichukuliwe kutoka pande zote za mzigo, kwa kila mkulima peke yake hata kama wamechangia gari, mwenye mzigo au mwakilishi wake akiwepo. Igawanywe mara tatu, moja ya kampuni, moja ya mkulima, ya tatu ifungwe kwa lakiri na kusainiwa na pande zote mbili.

2. Vipimo vya unyevu, protini na chekeche vifanyike mbele ya mkulima, na apewe karatasi yenye namba, tarehe na saini, iwe mzigo umepokelewa au umekataliwa. Kama kwa sasa mkishindwa mengine yote humu, hili msilishindwe.

3. Mzigo wowote unaoonekana hauoti upimwe kwa tetrazoliamu kabla ya kukataliwa. Ukionekana umelala tu, upokelewe ghalani kwa stakabadhi, mkulima alipwe sehemu, na kipimo kirudiwe baada ya wiki sita.

4. Pakitokea ubishi ile sampuli ya tatu iende kwenye maabara isiyo ya kwenu wala ya kwetu. Kituo cha utafiti cha Selian kipo hapohapo Arusha, chuo kikuu cha kilimo cha SUA kipo Morogoro, serikali itusaidie kuchagua. Atakayeonekana kakosea alipe gharama.

5. Mbolea ikifika baada ya tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba isiwe deni, na protini ya msimu huo isiwe sababu ya kukataa moja kwa moja, iwe ya kushusha daraja.

6. Yawepo madaraja angalau matatu yenye bei zilizobandikwa getini, likiwemo la chakula cha mifugo, ili mtu asiye na nauli ya kurudi asiuze kwa anayemvizia nje.

7. Mkataba uwe wa Kiswahili, tupewe muda wa kuusoma angalau wiki mbili kabla ya kusaini, na kile kifungu cha uamuzi wa mwisho kiondoke.

Kwenu mlio serikalini, waheshimiwa, hatuombi ruzuku kwenye hili. Tunaomba mtu wa vipimo awepo getini wiki za mavuno, Julai mpaka Septemba, na mizani ile ikaguliwe kabla ya msimu, sio baada. Na huo unafuu wa ushuru mliotoa, ukiongezwa tena basi uwekewe sharti la karatasi ya vipimo kwa mkulima. Mna uwezo huo bila kutunga sheria mpya.

Sisi upande wetu tumeshakubaliana yafuatayo na tupo tayari kuyasaini. Kila mkulima atakausha kwenye turubai na sio chini, ngoma ya kombaini itapunguzwa kasi ili punje zisichubuke wala kuvunjika, mbegu tofauti hazitachanganywa kwenye gunia moja, na atakayeuza pembeni na deni lenu mkononi chama kitamtoa na kumtaja kwenu. Mkitaka kuja kukagua mnakaribishwa, vijiji mnavijua.

Kama hakuna jibu, wengi wetu msimu ujao tutapanda ngano na maharage. Sio kwa hasira, wengine bado wanadaiwa mbolea ya mwaka jana na benki zimeanza kupiga simu, hawana cha kuweka tena kwenye zao ambalo hawajui litapimwaje. Watakaobaki na shayiri ni wenye mashamba makubwa wanaoweza kusubiri, na nyinyi mtabaki mnaagiza kimea kwa meli huku ardhi ya shayiri ipo masaa machache kutoka kiwandani.

Tunaomba majibu kwa maandishi, kwa Kiswahili, kupitia ofisi ya chama cha ushirika ambayo anuani yake mnayo kwenye ile barua mliyoigonga muhuri, na yafike kabla ya mbegu za masika kuanza kugawiwa. Tupo tayari pia kukaa mezani siku yoyote mtakayosema, mje na mtu wa maabara, sisi tutakuja na punje na sahani.

Wenu katika kilimo,

Mkulima wa shayiri, Karatu
kwa niaba ya wakulima wenzangu wa mkataba